Kikombe cha Mukuru

Jana maji ya mfereji yalikuja na harufu kali ya klorini. Kitindamimba wangu akakisukuma kikombe hadi ukingoni mwa meza. "Mami, haya yananuka hospitali." Nikamweleza. Nikamsifu dada yake aliyekunywa. Nikajaribu kila mbinu ninayolipwa mshahara kuwafundisha watu, wapi! Baba yake akacheka, akasema profesa ameangushwa na mtoto wa darasa la tatu. Halafu mtoto akauliza, "Kwani wewe hujawahi kukataa maji ya watu?"

Nikajifanya nasoma simu.

Ilikuwa Oktoba 2009, mwaka ule wa ukame na mgao, bwawa la Ndakaini linaloinywesha Nairobi limeshuka na kipindupindu kinatajwa kwenye taarifa za habari. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamifu, na kwa msimamizi wangu na kalamu yake nyekundu, nilikuwa na haraka. Jioni nilifundisha wa mwaka wa pili. Kisa changu nilichokipenda kilikuwa cha Los Molinos, kijiji cha Peru, ambako mhudumu wa afya alizunguka nyumba kwa nyumba kwa miaka miwili akihimiza maji ya kunywa yachemshwe. Kati ya familia 200 akapata 11. Wanakijiji waliona maji yaliyochemshwa ni ya wagonjwa. Hapo nilikuwa nanyamaza kidogo, kuwapa wanafunzi nafasi ya kucheka.

Mchana nilikuwa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, na hojaji zangu.

Yule mama jina lake silitaji. Chumba cha mabati, jiko mlangoni, mtungi wa njano wa lita 20 kwenye kona, mdomo wake umezibwa kwa karatasi ya nailoni. Nikasoma utangulizi kama ulivyoandikwa: tunafanya utafiti kuhusu mabadiliko ya tabia. Akaacha kupepea jiko.

"Tabia yangu imesemwaje?"

Nikamwambia si tabia ya namna hiyo. Akataka kujua basi ni ya namna gani. Nilibabaika. Neno lile nilikuwa nimelitoa vitabuni likiwa limevaa suti, sikuwahi kulisikiliza linavyolia kwa Kiswahili mlangoni kwa mtu. "Na si husemwa tabia haina dawa?" akaongeza, akarudia kupepea.

Swali la 14: kwa nini huchemshi maji ya kunywa? Majibu yalikuwa manne. Sijui umuhimu wake. Siamini kuwa yana madhara. Sipendi ladha yake. Nyingine (eleza). Nilipomsomea, alifungua fundo la leso akatoa sarafu, akazipanga juu ya kigoda. Hii ya mtungi, maana ulikuwa umefika shilingi 20. Hizi za mkebe wa makaa, 30. Ya unga ilikuwa haijapatikana, mpaka amalize kufua nguo za watu South B.

"Haya. Makaa yakichemsha maji, ugali nitasonga kwa jua? Na maji yenyewe nimenunua, niyaweke motoni niyatazame yakipungua?"

Niliandika. Mstari wa "eleza" ulikuwa na nukta chache, nikamalizia pembeni mwa karatasi.

Akainuka. Juu ya kabati dogo alishusha kikombe cha glasi chenye maua, kimefungwa kwa gazeti. Akakifuta kwa ncha ya leso, ndani na nje. Akainamisha mtungi polepole, akamimina, akafunika kwa kisahani, akaniletea kwa mikono miwili. "Karibu maji, daktari. Jua ni kali." Alikuwa wa kwanza kuniita daktari, chuo kikiwa bado hakijaamua.

Maji yalikuwa maangavu. Kichembe kimoja kilikuwa kinateremka taratibu, nami nikakifuata kwa macho mpaka kikatua chini, ingawa nilijua vizuri kwamba cha kuogopwa hakionekani. Jasho lilinitoka. Yeye hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anakitazama kikombe.

"Asante mama," nikasema. "Leo nimefunga."

Ramadhani ilikuwa imeisha mwezi uliopita. Shingoni nilikuwa na rozari. Na chupa ya maji ya dukani ilikuwa imechungulia kwenye mkoba wangu, imenywewa nusu.

Aliviona vyote, kwa mpangilio huo. Hakukunja uso. Alinyoosha mkono akaichukua chupa, akaondoa kifuniko, akamimina maji yake juu ya yangu mpaka yakajaa, hata tone halikumwagika. "Basi utafungulia haya."

Usiku niliyachemsha yote, yake na ya dukani, kwa gesi, nikapikia chai. Nilisimama nikitazama sufuria. Yalipungua kweli.

Mengine yalikwenda upesi. Tasnifu ilipita. Niliegemea ile Modeli ya Imani za Afya, nadharia ya kwa nini watu hufuata au hukataa ushauri wa afya, iliyoanzia Marekani miaka ya 1950 wataalamu walipojiuliza mbona watu hawaji kupigwa picha za bure za kifua kikuu. Ina sehemu yake ya vikwazo, nikamwingiza mama humo, safu moja ya jedwali. Mtahini aliuliza "Nyingine" ina nini. Nikajibu, gharama. Akatikisa kichwa kuridhika, tukafungua ukurasa mwingine. Kikombe sikukitaja. Ningekiweka safu gani, na ni tabia ya nani iliyokuwa inapimwa pale?

Los Molinos bado nafundisha. Wanafunzi bado hucheka, ila siku hizi sinyamazi.

Swali la mtoto sijalijibu. Maji yake niliyamimina kwenye jagi nikaliacha wazi usiku kucha, harufu ipungue. Asubuhi nimekuta jagi limefika nusu. Sijui ni yeye aliyekunywa, au ni dada yake.