Uraka wa Kwanza wa Msimu

Hapa Newala mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yameanza kuanguka, nami nimekwisha kulipia dumu langu la uraka, pombe ya mabibo hayo, kwa mama mmoja wa mtaani kwetu, ingawa pombe yenyewe bado inachachuka. Wapo wanaosubiri bia mpya ya msimu kutoka kiwandani. Mimi ninachokingoja kila mwaka ni kinywaji hiki kisicho na chupa wala nembo, ambacho mwezi Machi hukipati hata ukiwa na fedha kiasi gani, kwa sababu bibo likishaanguka huoza upesi mno kuhifadhiwa.

Nilimkuta mama huyo akinyofoa korosho na kuziweka kando ili zipelekwe chama cha msingi cha ushirika, kisha mabibo yakatwangwa kinuni, yakakamuliwa, na maji yake ya manjano yakamiminwa katika ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa. Hatii hamira, kwani chachu ya asili iliyomo kwenye maganda ya tunda inatosha kuugeuza utamu kuwa kileo. Alinionjesha juisi mbichi, nayo ikanikaza ulimi kwa ukakasi ambao, kwa maoni yangu, ndio unaoupa uraka ladha ambayo bia ya dukani haina.

Nimemwomba asiniwekee uliolala sana, maana huwa mkali kama siki. (Nisieleweke vibaya: sizungumzii gongo inayokenekwa kutokana na mabibo hayo hayo.) Jumamosi kaka yangu anakuja kutoka Masasi, na nimemwagiza apitie sokoni kuchukua mihogo ya kuchoma, kwa kuwa uraka haunyweki vizuri tumbo likiwa tupu.