Kusaka viboksi kwenye magenge ya pwani ya Cornwall, sisi na Kashata

Wanangu ukiwaambia twendeni tukatembee utasikia miguu inauma, mara tumbo, mara kiatu kinabana. Ila ukisema kuna kiboksi kimefichwa huko mbele na simu inasema bado mita 400, wanakuacha nyuma. Ndo maana wikendi zetu hapa Uingereza ni jiokeshingi tu, ule mchezo ulioanza Marekani mwaka 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga makusudi jipiesi ya raia, ile ya setilaiti inayokuonyesha ulipo, jamaa mmoja akaficha ndoo porini Oregon akatangaza ilipo, watu wakaenda kuisaka.

Safari hii ilikuwa Cornwall, kule kusini-magharibi, tukaacha gari Cape Cornwall tukashika njia ya pwani kuelekea Botallack. Njia nzima toka Minehead hadi Poole ni zaidi ya kilomita 1,000, sie tulichukua kakipande tu, na usione kafupi, unashuka bonde la Kenidjack magoti yanalia halafu unaanza kupanda upya, upepo wa Atlantiki unakupiga hadi ukiongea mwenzio haambulii kitu. Kashata, mbwa wetu, alikuwa kwenye kamba mwanzo mwisho, maana upande huu genge limekatika wima mpaka baharini na upande ule kuna mashimo ya migodi ya zamani, na yule akiona sungura hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Cha kwanza kilikuwa kwenye ukuta wa mawe. Jipiesi ya simu inakufikisha karibu tu, mita kadhaa huku au kule, hapo tena ni macho na vidole. Baba watoto bado anazunguka na simu mkononi, mdogo akaona mawe yote yameota ukoga isipokuwa moja, akalivuta, nyuma yake kichupa cha filamu ya kamera na ndani kikaratasi kimeviringishwa, kimelowa pembeni, kimejaa majina ya waliokipata kabla yetu. Kalamu hamna, vile vidogo ndo vilivyo, uje na yako. Wazee wawili wakatokea, ikabidi wote tuiname tujifanye tunafunga viatu, asiyecheza hatakiwi kuona.

Botallack penyewe sasa! Majengo mawili ya injini za mgodi yamejengwa chini kule kwenye mwamba, mawimbi yanapasuka karibu na miguu yake. Walikuwa wanachimba bati na shaba, na mahandaki yalienda hadi chini ya bahari, wachimbaji wanasikia mawe yanabingirika juu ya vichwa vyao. Mimi kwa mshahara wowote ule siingii. UNESCO waliliweka eneo lote kwenye urithi wa dunia 2006, na kwa kweli pale nilisahau hata kama kuna kitu tunatafuta.

Aliyekumbuka ni Kashata, alituvuta hadi kwenye mawe mbali kidogo na ukingo, kumbe boksi kubwa la plastiki. Mkubwa akachukua gololi, akaacha twiga wa funguo tuliyemnunua Dar, sheria ni uache chenye thamani ileile au zaidi. Chini yake peremende! Chakula hakiruhusiwi kabisa, wanyama wananusa wanakuja kutafuna boksi, kwa hiyo tukazitoa zote twende tukazitupe, baba watoto akala moja kwanza, eti anaangalia kama zimeharibika.