Somo la umfahren

Jioni ile tulikuwa tunajiandaa na mtihani wa Kijerumani. Mwalimu akaandika neno umfahren mara mbili ubaoni, moja kakoleza um, jingine kakoleza fah. Mkazo ukiwa kwenye um, umemgonga mtu kwa gari akalala chini. Ukiwa kwenye fah, umemkwepa kwa kumzunguka. Darasa likaangua kicheko, naye akaendelea na kazi.

Kiambishi awali chenye mkazo huachana na kitenzi: ich fahre ihn um, ninamgonga kwa gari, na ge-, alama ya kitendo kilichokwisha, huingia katikati, umgefahren. Kisicho na mkazo hubaki palepale na huikataa ge-: besucht, verkauft, zerstört. Geverkauft haipo, ingawa wageni wengi huisema.

Chanzo ni cha kale. Kwenye nomino kiambishi kilibeba mkazo kikabaki kizima. Kwenye vitenzi hakikuubeba, kikachakaa. Ndiyo maana Urlaub, likizo, na erlauben, kuruhusu, ni ndugu: ur- na er- ni kitu kimoja. Vivyo hivyo ant- ya Antwort, jibu, na ent- ya vitenzi. Biblia ya karne ya 4 ya Kigothi, lugha ya kale iliyo jamaa ya Kijerumani, bado ina us- penye ur- na er-, na and- penye ant- na ent-.

Iliyotutesa ni ver-. Verkaufen ni kuuza, verbrauchen kutumia mpaka kuisha, sich verlaufen kupotea njia. Usihangaike kutafuta maana moja. Viambishi vitatu, ambavyo Kigothi kilivitenga kama fra-, faur- na fair-, viliyeyukia humo.

Mwalimu alikuwa amesoma pia Kiwelisi, lugha ya Wales, basi akatuvusha upande wa lugha za Wakelti, zikiwemo Kiwelisi na Kiayalandi. Huko p ya kale, ambayo kwa Wagothi iligeuka f, ilidondoka, kwa hiyo ndugu wa fra- katika Kiayalandi cha kale ni ro-. Lakini alichokipenda zaidi ni an- ya kukanusha ya Kiwelisi, inayobadili herufi inayofuata, karibu kama ulimi unavyogeuka ndimi kwetu. Teg, haki, huwa annheg. Posibl huwa amhosibl. Cyfiawn, adilifu, huwa anghyfiawn. Anayetafuta mzizi kwenye kamusi arudishe konsonanti: nh ni t, mh ni p, ngh ni c. Annibynnol, huru, haina h, kwa sababu mzizi wake unaanza na d: dibynnol, tegemezi.