Matambara ya Ebedmeleki

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Kila tarehe 1 Mei macho yetu huenda kwa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na ndivyo ipasavyo. Ila siku hiyohiyo Kanisa humkumbuka pia nabii Yeremia, na ndugu zetu Waorthodoksi humwadhimisha tarehe hiyo. Simulizi la kale lasema alipigwa mawe na watu wa taifa lake huko Tahpanesi, Misri. Lasema pia kwamba Wamisri walimheshimu kwa kuwa aliwaombea, nyoka na mamba wakaondoka, na kwamba waamini walichota udongo wa kaburi lake kuwatibu walioumwa na nyoka.

Heshima hiyo yote ilimfikia akiwa amekwisha kufa. Bwana Yesu aliwakemea vikali waliojenga makaburi ya manabii na kuyapamba, wakati baba zao ndio waliowaua. Neno hilo linanichoma, maana kumsifu nabii aliyekufa hakunigharimu kitu.

Tusome Yeremia sura ya 38. Wakaldayo, yaani jeshi la Babeli, wameuzingira Yerusalemu, mkate unakwisha mjini. Yeremia anawaambia watu kwamba atakayejisalimisha ataishi. Wakuu wanamwendea mfalme Sedekia: huyu anawalegeza mikono askari, auawe! Mfalme, dhaifu kama alivyokuwa, anawaachia. Wanamshusha nabii kwa kamba katika shimo la Malkiya. Humo hamna maji, ni tope tupu, naye anazama.

Nani alimtetea? Hakuwa kuhani, ingawa Yeremia mwenyewe alikuwa wa ukoo wa makuhani wa Anathothi. Alikuwa Ebedmeleki, Mkushi, towashi wa nyumba ya mfalme, mtu wa nchi iliyo kusini mwa Misri, Sudani ya leo. Mwafrika huyu, mgeni na mtumishi, alimfuata mfalme pale alipoketi, lango la Benyamini, akamwambia waziwazi kwamba wakuu wale wametenda uovu. Alijua vizuri wana nguvu kiasi gani. Akapewa watu 30.

Hapa Maandiko yanasimama kidogo, nasi tusimame. Kabla ya kwenda shimoni, Ebedmeleki anapitia chini ya hazina ya mfalme, anaokota nguo kuukuu na matambara. Anamshushia Yeremia kwa kamba, anamwambia ayaweke makwapani, ndipo apitishe kamba. Mtu aliyekonda kwa njaa, akivutwa kutoka kwenye tope zito, kamba ingemchuna ngozi. Ebedmeleki alilifikiria hilo mapema. Kumtoa tu hakukumtosha. Alitaka atoke bila kuumia.

Ni wangapi leo katika jumuiya zetu wamesema ukweli, tukawaacha shimoni? Katekista aliyeuliza habari za michango. Mama aliyekataa kunyamaza binti alipodhulumiwa. Tutakuja kuwasifu siku ya mazishi, kwa wasifu mrefu na mashada ya maua.

Yeremia alipotolewa hakuachiwa huru. Alibaki katika uwanda wa walinzi. Humo kifungoni Mungu alimtuma amfikishie Ebedmeleki ujumbe: mji utaangamizwa, lakini wewe hutatiwa mikononi mwa watu unaowaogopa, nitakuokoa, kwa sababu umenitumaini mimi. Kumbe mtu yule aliogopa siku zote zile.