Kuni Zilizoshuka na Tope

Mwisho wa Novemba 2023 stoo ya kanisa letu hapa Arusha ilikuwa imejaa spika, jenereta na sare za kwaya. Umoja wa vijana ulikuwa na safari ya injili kwenda Singida: siku tano, asubuhi nyumba kwa nyumba, jioni mkutano wa hadhara. Tulikuwa tumefunga na kuomba wiki nzima kwa ajili ya safari ile.

Jumapili ya Desemba 3, kabla ibada ya pili haijaanza, simu zikawa zinapita mkono kwa mkono nje ya kanisa. Mlima Hanang umeshusha tope Katesh. Wengi tulidhani ni volkano imelipuka, kwa sababu Hanang ni mlima wa volkano kweli. Baadaye serikali ikaeleza kwamba haukulipuka. Mvua kubwa za siku zile zililoweka miamba dhaifu huko juu, sehemu ya mlima ikameguka, na tope likateremka alfajiri ile watu wakiwa bado wamelala, likizoa miti na mawe njia nzima. Gendabi, Jorodom na Katesh mjini kwenyewe zilikumbwa. Waliokufa walipita 80. Rais Samia, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari akarudi.

Ukitoka Babati kwenda Singida, barabara inapita Katesh. Katika kikao cha Jumatatu jioni mchungaji alituuliza swali moja tu: "Tutapitaje pale na spika?" Hakuna aliyejibu. Spika zikabaki stoo. Tukapakia sufuria nne kubwa za kanisa, zile zinazotoka kwenye harusi na misiba, magunia mawili ya maharage, unga, mchele, mafuta, vitunguu, chumvi, blanketi zilizochangwa na waumini, na kuni kidogo juu ya keria.

Tulifika Jumamosi, siku ya Uhuru. Mawingu yalifunika kilele, lakini chini yake michirizi ya udongo mtupu ilionekana pale palipokuwa na msitu. Mjini askari na magreda walikuwa bado wanasukuma tope. Kilichonishika zaidi ni miti. Magogo mazima, mengine yamekwanguliwa magome yote, yamelala mitaroni, yameegemea kuta za maduka, moja limeingia dirishani kwa mtu hadi nusu.

Tulipangiwa shule moja iliyokuwa kambi ya muda. Jiko tulilipiga nyuma ya madarasa, mafiga ya mawe, turubai juu. Mama Mchungaji alitupa sheria yake kabla hatujawasha moto: wenyeji wasiguse chochote, mfiwa hapiki. Mimi niliona ni sawa kabisa. Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu ukifiwa, jirani ndiye anayeingia jikoni kwako, anaijua chumvi yako iko wapi, na wewe unakaa kwenye mkeka hadi matanga yaishe. Kumwachia mfiwa kisu ni aibu ya mtaa mzima.

Basi alipokuja mama mmoja wa makamo, shuka begani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniomba kisu amenye vitunguu, nikakataa. "Pumzika, mama. Sisi tumekuja kwa ajili yenu." Akaenda akakaa kwenye ngazi ya darasa. Baada ya saa moja akarudi, akataka kuosha sahani. Nikakataa tena, nikamletea kiti. Mchana akaja akashika ndoo ya maji, nami nikaichukua mkononi mwake kwa upole kabisa, na moyoni nikajiona nimefanya jambo jema. Alinitazama, hakusema kitu. Nayakumbuka macho yale hadi leo.

Siku ya pili kuni ziliisha. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yameanza kuchemka, na maharage, anayepika anajua, hayasubiri. Vijana wetu wanne wakachukua panga na shoka wakatoka. Hawakukawia. Walirudi wamebeba vipande vya magogo mabegani, vingine bado vina tope kwenye mipasuko, wakavishusha karibu na mafiga wakifurahi kwamba zimepatikana karibu, tena za bure.

Yule mama aliinuka kwenye ngazi. Alikuja taratibu, akasimama mbele ya ule mzigo, akainama akagusa kipande kimoja kwa vidole viwili, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Hizi hapana," alisema. "Hizi ndizo zilizoingia ndani kwangu."

Jiko zima likanyamaza. Kijana aliyekuwa na shoka aliiweka chini polepole, akavua kofia. Sikuwa nimewaza hata kidogo kwamba kuni zinaweza kuwa na jina la mtu. Mama Mchungaji ndiye aliyetangulia kujikwamua. Alimshika yule mama mikono yote miwili, akamwambia, "Tusamehe, dada yangu," kisha akawageukia vijana: wazirudishe zote, hata vibanzi, na dereva aende Endasak akanunue kuni nyingine kwa bei yoyote.

Vijana wakazibeba tena. Mmoja alikuwa analia. Vibanzi niliviokota mwenyewe kwenye kitenge changu, kimoja kimoja, nikavipeleka nje ya uzio.

Moto ulizimika. Watoto tuliwapa uji uliobaki asubuhi, watu wazima wakasubiri. Nikakaa chini kando ya yule mama kwa kuwa sikujua pa kwenda. Baada ya kitambo ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Kwenu mfiwa hapiki?"

"Hapiki, mama. Wanapika majirani."

"Hata kwetu." Akaelekeza kidevu kwenye foleni iliyokuwa imeshaanza kujipanga, sahani za plastiki mkononi. "Majirani zangu ni hao. Nani amebaki wa kumpikia mwenzake? Wote tukikaa, tutakaa mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Nilinyanyuka, nikaleta kisu na beseni la vitunguu, nikampa kwa mikono miwili.

Alikata bila kibao. Kitunguu kinakaa kiganjani, kisu kinapita kwa urefu, kisha kwa upana, halafu vipande vyembamba vinadondokea kwenye beseni vyote vya saizi moja, na yeye haangalii hata mara moja. Mwanamke mwingine akaja akakaa upande wa pili, wa tatu akaja na kisu chake. Wakawa wanaongea Kiiraqw chini kwa chini. Mara moja mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa shuka, akaendelea kukata.

Kuni zilifika kama saa tisa, chakula kikaiva saa kumi na moja jioni. Jana yake mimi ndiye niliyepakua, kwa haki kama nilivyoijua: upawa mmoja kila sahani, mkubwa kwa mdogo. Yule mama alisimama kando yangu akatazama sahani tatu, nne, kisha akanigusa kiwiko. "Chota toka chini. Hawa wa mbele unawapa mchuzi, wa nyuma watakuta maharage matupu." Nikachota toka chini. Akatazama tena, akanyoosha mkono, na safari hii nilimwachia upawa mwenyewe.

Aliwajua. Babu mmoja alipofika alimpondea maharage kwenye ukingo wa sufuria kwanza, kwa kuwa hana meno. Binti mjamzito akamwongezea bila kuulizwa. Kulikuwa na mzee aliyekaa mbali chini ya mti tangu jana, ambaye sisi tulidhani hana njaa. Akajaza sahani, akaifunika na nyingine, akamtuma mtoto ampelekee kule kule. "Yule hawezi kupanga foleni na watoto," aliniambia. Nami jana nilikuwa nimepita mbele ya mzee yule zaidi ya mara kumi.

Usiku aliuosha upawa, hakunirudishia. Aliutundika kwenye msumari wa dirisha la darasa alimokuwa analala.

Asubuhi nilitoka tulikolala saa kumi na moja na nusu, giza bado, nikitaka kuwahi uji. Nilimkuta ameshawasha moto, maji yanaanza kutoa mvuke. Nikamwamkia. Akaitikia, akanisogezea kigoda, akaniwekea mbele beseni la vitunguu na kisu.