Wewe wa kuolewa

Arobaini ya bibi ilipita Jumamosi salama, wali ulitosha, mvua ikatustahi tukala kwanza. Kazini mkataba umeongezwa mwaka mmoja. Hayo siyo yaliyoniketisha hapa usiku huu.

Ni ile nyota ya babu. Mnaijua: pembe sita, utepe wa buluu iliyokoza na mstari mwekundu katikati, medali aliyopewa kwa vita ya Bama, yaani Burma. Ikikaribia Siku ya Mashujaa nilikuwa naisugua kwa majivu na ndimu, naye kakaa barazani ananisimulia tope na mvua, na mto Chindwin walivyouvuka yeye na keya wenzake, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza, mwaka 1944. Niliisugua hadi maandishi yakaanza kufifia. Ukubwani ndipo nikaambiwa medali haisuguliwi.

Sasa baba mdogo, ukoo mzima umekaa mkekani, nyota kaifumbata: "Mwanangu, wewe wa kuolewa. Hii itaishia kwenye ukoo wa watu."

Nikasema, "Sawa, baba mdogo."

Sawa! Tangu siku hiyo namjibu upya. Naosha vyombo, namjibu. Kwenye daladala, namjibu. Jana namwogesha mdogo nikaropoka, "Na bibi aliuguzwa na ukoo gani?" Mtoto akauliza naongea na nani. Ile "mwanangu" aliitamka kwa upole, ndiyo inayonichoma zaidi. Nyota akapewa binamu, na chai haijapoa keshaipiga picha kuulizia bei. Mimi nikapewa bati la biskuti lililokuwa likiihifadhi, eti nitawekea sindano.

Juzi usiku nikatoa gazeti lililotandikwa ndani. Chini yake kitabu chake cha jeshi, kurasa zimegandana: jina, namba, alama ya dole gumba. Nyota haina jina. Nyuma ni tupu kabisa, nimeigeuza mara ngapi utotoni! Bila kitabu hiki ni ya askari yeyote. Nikacheka peke yangu mpaka baba watoto akaamka.

Kucheka kwenyewe hakukufika asubuhi. Binamu ana chuma, mimi nina karatasi, na babu hayupo kwake wala kwangu. Vikae pamoja, hata huko kwa baba mdogo, hata makumbusho. Ujumbe wa kumwambia binamu nimeuandika mara tatu, mara tatu nimeufuta.

Halafu Luku imebaki yuniti nne, na friji imejaa barafu za ubuyu za oda ya Jumamosi.