Siku moja maishani mwangu: alama tatu kwenye vumbi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimechuchumaa chini ya bawa, kurunzi mdomoni, nakinga petroli kwenye kikombe cha kioo. Petroli ya ndege zetu ni ya samawati. Ukiona kitu kisicho na rangi kimejikusanya chini ya kikombe, hayo ni maji, na huruki. Leo ni safi. Nazunguka nyuma nashika gurudumu la mkia, dogo halizidi sahani, navuta springi zake moja moja. Ziko imara. Hili nalisema mapema ili baadaye mtu asiwasingizie mafundi.

Saa kumi na mbili na robo. Tuko angani juu ya mbuga ya Tsavo Mashariki, mimi rubani mbele, Sajini nyuma yangu. Ndege ni Piper Super Cub, viti viwili, mabawa ya kitambaa, aina iliyoanza kuundwa Marekani mwaka 1949. Watu huiona wakadhani ni mtumba uliosahaulika. Lakini nionyeshe nyingine itakayokwenda polepole namna hii ili mtu ahesabu ndovu, kisha itue kwenye kipande cha udongo kisichofika hata mita 300.

Saa mbili. Tunaufuata mto Galana, uwanda wa juu wa Yatta ukiwa kushoto kama ukuta usioisha. Ndovu kumi na saba, watoto watatu. Sajini anaandika, mimi nakunywa maji.

Saa nne kasorobo. Mwezi wa nane huu, kusi limeshaamka. Mfuko wa upepo kiwanjani unapigapiga, na upepo unatoka kushoto kabisa kwa njia tunayotulia. Si upepo wa kutisha. Nalaza kijiti cha kuongozea kushoto, bawa la upande wa upepo linashuka kidogo, mguu wa kulia unashikilia pua. Gurudumu la kushoto na la mkia yanagusa pamoja, kisha la kulia. Kutua kuzuri, nakiri nilijisifu moyoni.

Hapo ndipo nilipokosea. Ndege ya gurudumu la mkia uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa. Jaribu kurudisha baiskeli kinyumenyume uone gurudumu la mbele linavyotaka kukatika upande. Ndivyo ilivyo: ikishaanza kupinda, uzito wa nyuma unausukuma mkia utangulie, na kila nukta unayochelewa mzunguko unakaza. Tena kadiri mwendo unavyopungua, hewa inayopita kwenye usukani wa mkia inapungua, kwa hiyo unapodhani umemaliza kazi ndipo usukani unapokuwa dhaifu.

Mimi nilipeleka mkono kwenye wenzo wa flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Nikaachia kijiti kirudi katikati. Upepo ukavuma mara moja tu.

Pua ikakwenda kushoto. Nikakanyaga kulia, nimechelewa. Breki za ndege hii hukanyagwa kwa visigino, na visigino vyangu vilikuwa vimepumzika sakafuni. Mbele niliona vichaka vikipita kutoka kushoto kwenda kulia, bawa la kulia likainama, ikasikika sauti ya kitambaa kikichanika, vumbi likatufunika. Nikazima swichi, nikafunga petroli.

"Kapteni, tumefika?" Sajini akauliza.

Saa nne na nusu. Propela haikugusa chini, kwa hiyo injini imepona. Ncha ya bawa la kulia imevunjika, kitambaa kimechanika urefu wa mkono, ndani mmejaa udongo mwekundu na nyasi kavu. Springi moja ya mkia imekatika. Imekatika wakati wa mzunguko, si kabla.

Sajini haangalii ndege. Amefanya kazi ya kufuata nyayo za majangili miaka ishirini, ameinama njiani anasoma. Alama mbili nene za magurudumu, na katikati yake mstari mwembamba wa mkia. Ananiita.

"Tazama hapa. Mkia umeanza kuacha katikati." Anahesabu hatua hadi pale alama zinapojikunja kama ndoana. Kumi na nne. "Hatua zote hizi, kapteni, ulikuwa wapi?"

Sina jibu. Mimi nilidhani ndege iligeuka ghafla.

Saa kumi jioni. Fundi amefika na gari. Anaingiza kurunzi kwenye tundu la kitambaa, anapapasa mhimili wa bawa kwa vidole, anakagua kila bolti ya nguzo. Hasemi neno mpaka amalize, kisha: "Wiki mbili, spea zikipatikana." Kwa Kiswahili cha mafundi hiyo ni mwezi.

Saa moja usiku. Naandika ripoti kwa mwanga wa taa ya sola. Penye nafasi ya chanzo nimeandika "upepo wa ghafla". Nimeukata mstari huo, nikaandika: "Rubani aliachia usukani kabla ndege haijasimama." Sajini amesoma juu ya bega langu, akaniuliza kama kumi na nne nimeiweka.

Nimeiweka.